Dawa Mpya Isitangulie Maabara

Katika wodi za Kanda ya Ziwa kuna siku ambayo kila daktari na kila muuguzi anaifahamu. Ni siku ya tatu ya matibabu. Mgonjwa aliyeanzishiwa seftriaksoni bado ana homa kali, kidonda cha upasuaji bado kinatoa usaha, au mtoto mchanga aliyetarajiwa kuanza kunyonya bado amelegea. Ndugu waliovuka ziwa kutoka Ukerewe, au waliofika kwa basi kutoka Sengerema, huuliza swali moja: je, hakuna dawa nyingine iliyo kali zaidi?

Swali hilo lina majibu mawili. La kwanza ni kubadilisha dawa kwa kukisia. La pili ni kuuliza ni kimelea gani kinachomsumbua mgonjwa huyu, na ni dawa ipi inayoweza kukiua. Jibu la kwanza ni la haraka, nalo huwaridhisha wengi kwa muda. Jibu la pili hupita maabara. Makala haya yanatetea jibu la pili, hasa sasa ambapo antibiotiki za kizazi kipya zimeanza kuzungumzwa kama mkombozi dhidi ya usugu wa vimelea kwa dawa, yaani UVIDA. Dawa hizo zinahitajika, na wagonjwa wa Mwanza wana haki ya kuzipata kama wagonjwa wa London. Lakini zikitangulia kufika kabla ya maabara inayoweza kuzipima, zitawaponya wachache, zitawapita wengi, na baada ya miaka michache zitakuwa zimechakaa kama zilizozitangulia.

Ushahidi wa hali ilivyo haukosekani, wala hautoki mbali. Mwaka 2009 Stephen Mshana na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vimelea vilivyooteshwa kutoka kwa wagonjwa wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando. Kati ya bakteria 377 wa kundi la Gramu hasi, asilimia 29 walikuwa wakizalisha vimeng'enya vinavyovunjavunja seftriaksoni na ndugu zake, vijulikanavyo kwa ufupi kama ESBL. Kwa Klebsiella pneumoniae pekee, kimelea kinachoogopwa katika wodi za watoto wachanga, kiwango hicho kilikaribia asilimia 64. Uzito wa takwimu hizo ulikuwa umekwisha kuonekana jijini Dar es Salaam. Huko, mwaka 2005, Bjørn Blomberg na wenzake waliripoti kwamba watoto waliopata maambukizi ya damu kutokana na vimelea vyenye ESBL walifariki kwa kiwango cha asilimia 71, ilhali kwa vimelea vya Gramu hasi visivyo na ESBL kiwango kilikuwa asilimia 39. Tofauti hiyo inapaswa kukumbukwa kila mara jina la ESBL linapotajwa, kwa maana waliohesabiwa hapo ni watoto.

Tatizo halikubaki ndani ya kuta za hospitali. Mwaka 2016 Nyambura Moremi na wenzake walionyesha kwamba vimelea vyenye jeni ya CTX-M-15, ambayo ni chanzo kikuu cha ESBL, vilipatikana katika mazingira ya mwambao wa ziwa jijini Mwanza na ndani ya matumbo ya samaki. Ziwa linalowalisha watu hupokea pia maji machafu yao. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kufika hospitali akiwa tayari amebeba kimelea sugu, hata kama hajawahi kulazwa maishani mwake.

Dhidi ya ESBL, silaha iliyotegemewa ni kundi la kabapenemu, ambalo meropenemu ni mmoja wao. Lakini nalo limeanza kupata majeraha. Mwaka 2014 Martha Mushi na wenzake walichunguza vimelea sugu 227 kutoka Bugando na kukuta kwamba 80 kati yao, yaani asilimia 35, walikuwa na jeni moja au zaidi ya kuvunja kabapenemu. Jeni iliyoongoza ilikuwa ya aina ya IMP, ikifuatiwa na VIM. Herufi hizi zinaweza kuonekana kama mambo ya wataalamu peke yao, lakini ndizo zinazobeba hoja kuu ya makala haya, na inafaa zielezwe kwa utulivu.

Bakteria hujikinga dhidi ya antibiotiki za ukoo wa penisilini kwa kutengeneza vimeng'enya vinavyoikata dawa kabla haijafika mahali pake pa kazi. Wanasayansi wamejibu kwa kuambatanisha antibiotiki na kizuizi: kizuizi hukishika kimeng'enya, nayo antibiotiki hupata nafasi ya kumuua bakteria. Hiyo ndiyo kanuni ya seftazidimu-avibaktamu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2015, na ya dawa kadhaa zilizofuata. Hata hivyo vimeng'enya si vya namna moja. Avibaktamu hukishika vizuri kimeng'enya cha KPC, kilichoenea Marekani na sehemu za Ulaya, na pia OXA-48. Lakini kuna kundi jingine la vimeng'enya vinavyofanya kazi kwa kutumia madini ya zinki, na avibaktamu haiwezi kuvishika hata kidogo. Kundi hilo ni NDM, VIM na IMP.

Hapo ndipo herufi zile za mwaka 2014 zinapopata maana. Dawa mpya, ghali, iliyosifiwa katika majarida makubwa ya tiba, ingeweza kudungwa katika mshipa wa mgonjwa wa Mwanza mwenye kimelea cha IMP na isifanye kazi zaidi ya maji ya chumvi. Kosa lisingekuwa la dawa, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya kufuli tofauti. Kwa mgonjwa wa namna hiyo huenda dawa sahihi ikawa aztreonamu ikiandamana na avibaktamu, mchanganyiko ulioidhinishwa Ulaya mwaka 2024, kwa sababu aztreonamu haikatwi na vimeng'enya vya zinki. Huenda pia ikawa sefiderokoli. Wala haiwezekani kujua kwa kumtazama mgonjwa. Homa ya KPC na homa ya IMP zinafanana kwa kila hali. Zaidi ya hayo, kuwapo kwa jeni hakuelezi daima kiwango cha usugu wa kimelea. Mwisho wa yote ni lazima kimelea chenyewe kikutanishwe na dawa yenyewe, na jibu lisomwe.

Kazi ya kuvikutanisha inaonekana nyepesi ikielezwa, lakini inadai uaminifu mkubwa. Sampuli ya damu, mkojo au usaha huoteshwa hadi bakteria watokee na kutambuliwa. Kisha huchanganywa katika maji kwa kiwango maalumu cha ukungu na kupakwa juu ya sahani ya agari. Vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa huwekwa juu yake, na sahani huachwa katika joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu lisilo na bakteria kuizunguka karatasi. Duara hilo hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na jedwali la viwango vya kimataifa. Pale inapohitajika, hupimwa pia kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachotosha kuzuia ukuaji wa kimelea.

Dawa mpya na dawa za akiba hazikubali kupimwa kwa mazoea. Kolistini, kwa mfano, ni dawa ya zamani iliyorudishwa kazini kwa sababu ya usugu, nayo ina molekuli kubwa isiyosambaa vizuri katika agari. Duara lake haliaminiki, na mwenye kutegemea karatasi anaweza kuandika kwamba kimelea kinasikia dawa wakati hakisikii. Sefiderokoli humwingia bakteria kwa kupitia mlango anaoutumia kuvuta madini ya chuma. Inapopimwa katika kimiminika cha kuoteshea, ni lazima kimiminika hicho kiwe kimepunguzwa chuma, la sivyo jibu litapotosha. Kwa hiyo maabara haihitaji karatasi mpya peke yake. Inahitaji vimiminika sahihi, vimelea vya kulinganishia ambavyo tabia yake inajulikana, umeme usiokatika, jokofu linalotunza karatasi zisiharibike, na mtaalamu aliyefundishwa kulitilia shaka jibu ambalo halifanani na mengine.

Kuna pingamizi kadhaa dhidi ya hoja hii, na si haki kuzipita kimya.

Pingamizi la kwanza ni la muda. Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili, tatu au zaidi, na mgonjwa mwenye maambukizi ya damu hawezi kungoja. Hilo ni kweli, wala hakuna anayeomba mgonjwa aachwe bila dawa. Linaloombwa ni mpangilio: sampuli ichukuliwe kwanza, dawa ya kuanzia itolewe mara moja kufuatana na mwongozo, kisha jibu likifika uamuzi upitiwe upya. Sampuli ikichukuliwa baada ya dozi kadhaa, mara nyingi haioti chochote, na sahani tupu hudhaniwa kuwa habari njema. Ucheleweshaji wa dakika chache wa kutoa damu kabla ya dozi ya kwanza ndio unaookoa siku ya tatu isiwe siku ya kubahatisha.

Pingamizi la pili ni la gharama. Familia iliyokwisha kulipa nauli, kitanda na dawa inapoambiwa ilipie pia kipimo cha kuotesha, si ajabu ikisita. Lakini gharama hiyo haiwezi kutazamwa peke yake. Siku nyingi za kulazwa, dawa tatu zilizobadilishwa bila mafanikio, na mvuvi asiyeweza kurudi majini kwa mwezi mzima, vyote vina bei. Aidha, faida ya kipimo haiishii kwa aliyelipia. Kila jibu la maabara linapoandikwa na kujumlishwa, huwafundisha madaktari wa kanda nzima ni dawa ipi ya kuanzia inayofaa kwa mgonjwa anayefuata. Kitu chenye manufaa kwa wote hakistahili kuachwa juu ya mabega ya mgonjwa mmoja maskini. Tanzania imetunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Utekelezaji wake ni nafasi nzuri ya kuhakikisha kwamba kipimo cha kuotesha na cha usikivu wa dawa kinahesabiwa kuwa sehemu ya matibabu ya maambukizi makali, na hakiachwi kuwa anasa ya pembeni.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Wapo wanaosema kwamba wanaodai maabara kwanza wanawanyima maskini dawa, kwa kuwa maabara kamili zitachelewa na watu wanakufa leo. Ushahidi uliochapishwa mwaka 2025 na watafiti wa shirika la GARDP unaipa nguvu hoja hiyo. Katika nchi nane za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwamo, walikadiria kwamba ni asilimia 6.9 tu ya maambukizi ya vimelea sugu kwa kabapenemu yaliyopata dawa ifaayo mwaka 2019. Asilimia zaidi ya 93 hawakuipata. Kusema mbele ya takwimu hiyo kwamba hatari kubwa ni matumizi ya kupita kiasi tu kungekuwa ukatili.

Lakini takwimu hiyo hiyo haipingi maabara, inaidai. Mgonjwa hupotea katika vituo vingi: hakufika hospitali yenye uwezo, hakupimwa, kimelea hakikutambuliwa, au kilitambuliwa na dawa haikuwapo. Kuleta dawa bila kipimo huziba shimo moja na kuacha mengine wazi. Mwaka 2022 kampuni ya Shionogi iliingia makubaliano na GARDP ili sefiderokoli iweze kutengenezwa na kufikishwa katika nchi 135 kwa bei nafuu. Ni hatua ya kushukuriwa. Inayofaa kuulizwa sasa, kabla shehena haijafika bandarini, ni kama ndani ya mpango huo karatasi za kupimia, vimiminika na mafunzo vitasafiri pamoja na dawa, au vitafuata miaka mitano baadaye.

Nchi hii imekwisha kujifunza somo hilo kupitia malaria. Mwaka 2001 klorokwini iliachwa kwa sababu ya usugu, ikaja SP. Haukupita muda mrefu, nayo ikafuatiwa na dawa mseto ya ALU mwishoni mwa mwaka 2006. Kwa miaka mingi kila homa ilihesabiwa kuwa malaria, na dawa mpya ikatolewa kwa desturi ya zamani. Kipimo cha haraka cha mRDT kiliposambazwa ndipo ilipodhihirika ni homa ngapi hazikuwa malaria kamwe. Kukawa na funzo la pili, chungu zaidi: tafiti zilizofanyika katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zilionyesha kwamba wagonjwa wengi walioonekana hawana malaria walipewa antibiotiki badala yake. Kisio moja lilihamia jingine. Yaliyofanyika kwa malaria yanathibitisha kwamba kipimo kinaweza kufika hadi zahanati ya kijijini pale taifa linapoamua, na kwamba pasipo kipimo cha pili, tabia ya kubahatisha hutafuta tu dawa nyingine ya kuchezea.

Basi wajibu umegawanyika, na kila mmoja ana sehemu yake.

Mhudumu wa afya ana wajibu wa kuchukua sampuli mapema na kwa usafi. Damu iliyochafuliwa na bakteria wa ngozi hutoa jibu la uongo, na jibu la uongo humfanya daktari mwingine aache kuiamini maabara. Ana wajibu pia wa kulirudia jibu linapofika. Kipimo kilicholipiwa na kuachwa ndani ya faili bila kusomwa ni hasara iliyo sawa na kutopima. Jibu likionyesha kwamba dawa ya kawaida inatosha, daktari jasiri hurudi kwenye dawa hiyo, hata kama ndugu wanaiona ndogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, liligawa antibiotiki katika makundi matatu mwaka 2017: za kutumika kwanza, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Kundi la akiba halikuwekwa ili lifungiwe kabatini wakati mgonjwa anakufa. Liliwekwa ili anayelihitaji kweli alikute bado lina nguvu.

Mgonjwa na ndugu zake wana wajibu wa kusema ukweli kuhusu dawa zilizomezwa kabla ya kufika hospitali, zikiwamo zile zilizonunuliwa nusu dozi katika duka la dawa mtaani. Wana haki pia ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, je, kumechukuliwa kipimo cha kuotesha? Majibu yatatoka lini?" Swali hilo halimvunjii daktari heshima. Linamkumbusha kwamba kuna mtu anayeyasubiri majibu pamoja naye.

Uongozi wa hospitali una wajibu wa kuiona maabara ya vijidudu kuwa mlango wa tiba, siyo chumba cha nyuma. Hospitali za wilaya na za visiwani haziwezi zote kupima sefiderokoli, wala hazihitaji. Zinachohitaji ni uwezo wa kuchukua sampuli ipasavyo na njia ya kuaminika ya kuifikisha Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikila saa za wagonjwa, na linaweza kubeba pia chupa za damu zinazopaswa kufika maabara mapema. Kwa Ukerewe, ratiba ya meli inaweza kuwa ratiba ya sampuli. Na jibu halina haja ya kupanda chombo. Linaweza kurudi kwa simu jioni ile ile linaposomwa.

Serikali nayo ina wajibu usioweza kukasimiwa kwa wafadhili. Mpango wa taifa wa kupambana na UVIDA upo tangu mwaka 2017, na sasa uko katika awamu yake ya pili. Sehemu kubwa ya nguvu za maabara za Afrika Mashariki imetokana na fedha za nje, ukiwamo mfuko wa Fleming Fund wa Uingereza, ambao serikali ya nchi hiyo ilitangaza Julai 2025 kuusitisha. Maabara inayopumua kwa mirija ya mwingine hukata pumzi siku mwenye mirija anapoondoka. Karatasi za kupimia na agari zinapaswa kuingia katika bajeti ya kawaida, katika safu moja na gesi ya oksijeni na glavu za upasuaji.

Antibiotiki mpya huchukua miaka mingi kutengenezwa, na bakteria huhitaji muda mfupi mno kujifunza kuikwepa. Ulimwengu ulipoteza watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya usugu, na bara la Afrika kusini mwa Sahara ndilo lililobeba mzigo mzito zaidi kulingana na idadi ya watu wake. Eneo lenye mzigo huo lina kila sababu ya kudai dawa bora. Lina sababu kubwa zaidi ya kudai zifike zikiwa na macho.

Ndugu wanaouliza siku ya tatu kama kuna dawa kali zaidi wanastahili jibu la kweli. Jibu hilo haliko katika ukali wa dawa. Liko katika sahani moja ya agari iliyowekwa kwenye joto tangu siku ya kwanza, ambayo asubuhi hiyo mtaalamu wa maabara anaishika mkononi, anapima duara kwa rula, na kunyanyua simu kupiga wodini.